Uzi wa Kijani kwenye Sketi ya Bluu

Ninyi mnaoanza kazi ya macho sasa mna mashine inayopiga picha ya nyuma ya jicho kabla mgonjwa hajakaa sawasawa kwenye kiti. Sina wivu. Haya, ninao kidogo. Lakini siandiki kwa sababu ya wivu. Juzi msichana mmoja aliye mafunzoni alinitembelea hapa nyumbani Nyegina, akanieleza kwamba hali chakula wala halali vizuri kwa kuogopa kukosea. Akanionyesha daftari lake. Kila ukurasa umepigwa mstari kwa rula, kila kosa limefunikwa kwa wino mweupe. Nilicheka mpaka akanuna. Sikuwa namcheka yeye. Nilikuwa nimejiona.

Basi haya ni yake, na ya wenzake wote wenye rula.

Nilianza kazi kwenye kliniki ndogo ya macho mjini Musoma, ambayo leo haipo tena. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni ilipokuwa kitu cha kusimuliwa. Nilikuwa muuguzi msaidizi, basi. Mambo ya ndani ya jicho hakuna aliyenifundisha darasani. Nilijifundisha kwenye kitabu kimoja cha Kiingereza nilichokikuta kabatini, hakina jalada, na mchwa walikuwa wamekila kuanzia nyuma kuja mbele. Kwa hiyo magonjwa mengi nilijua yanavyoanza, sikujua yanavyotibiwa. Nilikisoma na kamusi mapajani. Kila picha niliinakili kwenye daftari: mishipa ya damu kwa penseli nyekundu, na yale madoa ya njano ambayo kisukari huyaacha nyuma ya jicho niliyapaka kwa manjano ya jikoni, maana penseli ya njano haikupatikana Musoma nzima. Daftari langu lilinukia pilau. Mchoro ukipinda kidogo nilichana ukurasa na kuanza upya, na karatasi nayo ilikuwa adimu, kwa hiyo nilikuwa nachana kwa machozi.

Aliyenishika mkono ni Mzee Wambura, mganga msaidizi aliyekuwa Butiama. Miaka mingi kabla yangu alifundishwa na daktari mgeni kutumia kile kikurunzi cha kuangalia ndani ya jicho, na hakuna mwingine karibu aliyekijua. Kila mwisho wa mwezi nilipanda gari hadi Makutano, nikasubiri lifti ya kwenda Butiama, daftari kifuani. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: jicho la kulia la mgonjwa uliangalie kwa jicho lako la kulia, la kushoto kwa la kushoto.

“Nikichanganya, mzee?”

“Ukichanganya utampiga busu. Na kwenu Nyegina utatozwa ng'ombe.”

Somo la pili nilijipa mwenyewe. Ili kuona nyuma ya jicho lazima usogee mpaka paji la uso lako likaribie kugusa la mgonjwa, na mimi nilikuwa naogopa mkono usije ukatetemeka, nikawa nabana pumzi. Siku moja nilimkagua mama mmoja mchuuzi wa dagaa. Nikabana pumzi nikitafuta mahali mishipa yote inapoanzia, sikupaona, nikaendelea kutafuta, nikaendelea kubana. Nilizinduka nimelala juu ya mapaja yake, naye ananipepea kwa kitenge huku akiwaita watu: “Njooni muone, huyu mtoto ameingia kwenye jicho langu hajatoka!” Mzee Wambura aliposikia alicheka wiki nzima. Kisha akanipa neno ambalo nawapa ninyi bure: “Binti, anayetakiwa kuogopa ni mgonjwa. Wewe pumua.” Akaongeza kwamba siku ya kukagua macho nisile kitunguu kibichi.

Na betri! Kikurunzi kilikula betri kama mtoto anayekula karanga. Zikichoka tuliziweka juani, na zilirudisha nguvu kidogo, ya wagonjwa wawili au watatu. Mimi nilizipanga kwenye bati la kliniki kwa mstari ulionyooka, za jana kushoto, za juzi kulia. Kunguru akaja akachukua moja, ya katikati, ile ile. Nilimkimbiza mpaka karibu na ziwa nikiwa na gauni jeupe la kazi. Safari moja nilikwenda Bunda siku ya gulio nikabadilishana samaki mkubwa mkavu, sato, kwa betri nne zilizopita mpakani bila kuaga. Naungama. Zile betri ziliwaka kama jua na sijawahi kujuta.

Sasa niwaeleze tulikuwa tunatafuta nini humo ndani.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Umefumwa kwa chembe za neva ambazo kazi yake ni kupokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Zinalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikikaa juu muda mrefu, mishipa hiyo huanza kuvuja, na hapo ndipo unapoona vidoti vyekundu na madoa ya njano. Hilo kitabu changu kilisema. Ambalo mchwa walikuwa wamelila, au labda halikuwa limeandikwa bado, ni kwamba zile chembe za neva zenyewe zinaweza kuanza kuumia kimyakimya, wakati mwingine kabla hujaona hata kidoti kimoja. Mtu anasoma chati ya ukutani mpaka mstari wa mwisho, anakwenda zake anapiga mluzi, na humo ndani chembe zinadhoofika. Chembe ya neva ya retina ikifa hatuna namna ya kuirudisha. Kwa hiyo kazi yote ni kuilinda ingali hai: sukari iwe chini, shinikizo la damu liwe chini, sigara iachwe, na jicho likaguliwe kila mwaka, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa ya matone, hata kama mgonjwa anakuapia kwamba anaona sisimizi ng'ambo ya barabara.

Nilijifunza hilo kwa Fundi Masudi.

Fundi Masudi alikuwa fundi cherehani wa Iringo, mtaa wa pale pale Musoma, na kibaraza chake hakikuwa mbali na msikiti. Baba yake alitoka Tabora, mama yake alizaliwa Bunda, na yeye alisema kabila lake ni Iringo. Aligunduliwa kisukari akiwa na miaka kama arobaini na mitano. Alikuwa nadhifu kuliko watu wote niliowafahamu. Kola aliyoishona ilisimama hata mvaaji akiwa amelala. Kwa hiyo tulielewana sana, mimi na yeye, na hilo ndilo lililotuponza.

Kila Jumanne wagonjwa wa kisukari walikuja na mkojo kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi. Hatukuwa na vijikaratasi vya kupimia wala mashine ya kutoboa kidole. Tulikuwa na ile dawa ya bluu. Unaweka kiasi chake kwenye testitubu, unadondosha matone manane ya mkojo, unaichemsha ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, halafu unasoma rangi. Ikibaki bluu, mkojo hauna sukari. Kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Ikiwa nyekundu kama tofali, kaa chini tuzungumze.

Mimi, na rula yangu, nikaona mpango huu haujakamilika. Nikatafuta kadibodi kubwa nyeupe. Nikaipiga mistari. Nikaandika majina ya wagonjwa wote kwa herufi za kuchapa, na mbele ya kila jina nikapaka rangi ya wiki hiyo. Halafu, Mungu anisamehe, nikawapanga kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, kama matokeo ya shule, nikaibandika ukutani juu ya benchi. Niliona nimebuni kitu. Mwenye bluu nilimpigia makofi. Mwenye nyekundu nilimsomea risala mbele ya wenzake. Siku hizo hakuna aliyetuambia kwamba ugonjwa wa mtu ni siri yake, lakini akili ya kuzaliwa ingetosha kuniambia, nami sikuiuliza.

Ndani ya miezi miwili ukuta mzima ukawa wa bluu. Nililia kwa furaha. Nilimwandikia Mzee Wambura barua ya kurasa nne.

Fundi Masudi alishika namba moja tangu wiki ya tatu na hakuiachia. Wenzake wakampa jina la Monita. Akiingia tu, benchi zima: “Shikamoo, Monita!” Naye anaitikia, anaweka kichupa chake mezani kikiwa kimefungwa kwa kitambaa kilichopigwa pindo. Chati ya macho alikuwa anaisoma mpaka chini bila kukosea. Na kwa kuwa matone ya kupanua mboni yalikuwa machache, niliyaweka kwa ajili ya wenye nyekundu. Kwenye kadi yake niliandika: macho mazima. Niliandika hivyo mara tatu, kwa mwandiko mzuri.

Wakati huo huo kwaya yetu ya kanisani ilipata kitambaa kupitia duka la ushirika, bluu ya kuiva, cha kutosha sketi kumi na mbili. Nikasema hakuna kujadiliana, kinakwenda kwa Fundi Masudi. Sketi zilirudi zikiwa zimenyooka kama zilizotoka kiwandani. Jumapili tukasimama mbele ya watu, jua likapiga mlangoni, na nikasikia wale wa sauti ya tatu wakikoroma kwa kujizuia kucheka. Pindo zote kumi na mbili zilishonwa kwa uzi wa kijani.

Sikushangaa sana. Miaka ile ulishona kwa uzi uliopatikana. Nilishavaa sweta lenye vifungo vya rangi tano. Jumatatu nikapitia Iringo kumtania.

“Fundi, shikamoo. Naona uzi wa bluu umeadimika.”

“Marahaba, Nesi. Umeadimika wapi? Nilikuwaga na rola nzima nimeiweka kwa ajili yenu tu.” Akafungua mtoto wa meza, akatoa rola, akaiweka mkononi mwangu kwa fahari. “Si huo?”

Ulikuwa wa kijani. Kijani kama majani ya muhogo.

Nilimtazama usoni nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa pembeni anachambua mchele. Aliinua kichwa, akaniangalia mimi, akaangalia rola, akarudi kwenye ungo wake haraka mno.

Nikamwambia Fundi kesho yake abaki kliniki baada ya wenzake kuondoka. Chati alisoma yote, kama kawaida. Safari hii nikaziba dirisha kwa blanketi, nikamwekea matone, nikasubiri mboni ifunguke, nikapumua kama nilivyofundishwa, nikasogea. Vilikuwepo. Vidoti vyekundu vinne jicho la kulia, viwili la kushoto, na doa moja la njano dogo kama punje ya ulezi. Niliisikia harufu ya daftari langu.

“Kuna nini, Nesi?”

“Kaa sawa, Fundi. Bado natafuta.”

“Nesi, mimi nisipoona uzi, mimi ni nani?”

Nikazima kikurunzi. Nilikuwa na mkojo wake wa bluu wa miezi minane ukutani. Mtu mwenye sukari iliyotulia namna ile alitakiwa awe na nyuma ya jicho safi kuliko hiyo. Mwenzangu mwenye akili ya kawaida angemuuliza mgonjwa. Mimi niliishuku dawa. Nikaamua nimeitengeneza vibaya, kwamba miezi yote hiyo nimewadanganya watu wote. Nikamwaga chupa nzima, nikaipika upya, nikapima kwenye mizani mara tatu tatu. Kisha nikachukua sukari, kijiko cha chai kilichojaa, nikaichemsha na maji ya ndimu ili ivunjike iwe kama ile ya mkojo, nikaidondosha kwenye dawa nione kama itabadilika rangi. Ikawa nyekundu kama tofali. Dawa ilikuwa nzima. Mpishi wa kliniki alipojua nimechemsha sukari na kuimwaga, mwezi ambao yeye alikuwa anakunywa chai kwa kuangalia picha ya muwa, hakunisemesha mpaka Pasaka.

Jumanne iliyofuata benchi lilijaa. Vichupa vyote mezani, isipokuwa kimoja.

“Fundi, chako kiko wapi?”

“Leo sijaleta, Nesi. Mama Zuhura amesafiri, yuko Suguti kwenye msiba.”

“Pole. Sasa msiba wa Suguti unahusianaje na mkojo wako?”

Watu ishirini wakamgeukia Fundi. Fundi Masudi alifumba macho polepole kama mtu aliyesikia kitambaa kikichanika. Halafu mzee mmoja mvuvi, mwenye nafasi ya nne, akaanza kucheka kwa tumbo bila sauti, benchi likawa linatikisika.

“Monita amekwisha,” akasema.

“We cheka tu,” mwanamke wa pembeni yake akamgeukia. “Na wa kwako si unauchukuaga kwa shemeji yako? Mwambie Nesi!”

“Shemeji ana mkojo mzuri. Nifanyeje?”

Basi wakafunguka. Mmoja alileta wa mjukuu. Mmoja alikuwa anakaa na njaa tangu Jumapili ili Jumanne iwe bluu, halafu akitoka kliniki anapitia kwa mama ntilie. Mmoja alisema wake ni wa kweli, ila huwa anauchanganya na maji ya ziwa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nilikuwa nimesimama chini ya kadibodi yangu ya bluu nikiwa siwezi kucheka wala kulia. Fundi Masudi peke yake hakucheka. Alisubiri watulie, akaniambia taratibu, kwa heshima iliyoniuma kuliko tusi:

“Nesi, wa kwangu wiki ya kwanza ulikuwa mwekundu. Ulinisomea mbele za watu. Wiki ya pili nikasema sitasomewa tena. Halafu ukaniweka namba moja, na mtu akishawekwa namba moja, anashukaje?”

Nataka muisome hiyo mara mbili, ninyi wenye rula. Sikuwa nimewatibu. Nilikuwa nimewafundisha kunifurahisha. Na gharama ya furaha yangu ilikuwa inalipwa nyuma ya macho ya Fundi.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Butiama na barua ya kuacha kazi, imeandikwa vizuri. Mzee Wambura aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza kama Fundi ameacha kazi.

“Hapana.”

“Basi wewe unaacha ili iweje? Ana vidoti sita na doa moja. Hajapofuka. Umekuta moto kwenye paa, nyumba ipo, wewe unaniandikia barua.” Akanirudishia karatasi. “Upande wa nyuma ni mweupe. Chora jicho lake hapo, tulione.”

Nikalichora. Penseli ilinipinda, na kwa mara ya kwanza sikuchana.

Jumanne iliyofuata nilibandua kadibodi mbele yao wote, nikawaomba radhi. Nikawaambia nyekundu si kosa, ni habari, na mimi nakaa pale kungoja habari. Tangu siku hiyo kila mtu alipimwa peke yake nyuma ya pazia, kwa mkojo uliotoka muda huo huo. Ukuta wangu ungekuwa na rangi za kutisha kama ungekuwepo. Lakini zilikuwa za kweli, na ukweli unaweza kuutafutia dawa. Fundi aliniomba ile kadibodi. Kadibodi nzuri haikupatikana, na alihitaji kukatia vipimo vya mifuko. Kwa miaka mingi mashati ya watu wa Iringo yalikatwa kwa kufuata majina ya wagonjwa wangu.

Yeye na mimi tukaanza upya. Vidonge vilipokuwepo alivinywa, na vilipokosekana alihesabu matonge ya ugali na kutembea asubuhi hadi ziwani na kurudi. Nilimpima shinikizo la damu, nalo lilikuwa juu, na hilo pia sikuwa nimewahi kuliangalia kwa sababu alikuwa namba moja. Sigara yake moja ya baada ya chakula cha jioni, ambayo nilikuja kugundua ni sita, aliiacha kwa kelele nyingi. Na tukabuni kipimo chetu. Kila Ijumaa asubuhi alitandika kipande cha kaniki mlangoni kwenye mwanga, akapanga vipande vya uzi, bluu, kijani, nyeusi, zambarau, akataja kila kimoja, na Mama Zuhura akawa msahihishaji.

“Kijani.”

“Bluu hiyo, baba.”

“Nilitaka kusema bluu.”

“Ungesema.”

Chembe za retina zikidhoofika, bluu na kijani ni miongoni mwa rangi za kwanza kuchanganyika, lakini nawaonya: uzi si kipimo cha hospitali. Jicho lenye mtoto wa jicho nalo huchanganya rangi, na wapo waliozaliwa hivyo. Uzi haukutuambia kilichomo ndani ya jicho. Ulituambia tu lini twende tukaangalie, na kwa fundi aliyekuwa anaishi kwa rangi, ulikuwa kipimo ambacho hangeweza kukiazima kwa jirani.

Tulifanya hivyo mwaka, na mwingine. Vidoti havikuongezeka. Viwili vilififia. Na mniamini, katika hilo uhaba ulitusaidia: huwezi kuzidisha sukari kwenye chai ambayo haina sukari kabisa.

Halafu nchi ikafungua milango ya biashara. Maduka ya Iringo yakajaa kama vile kila kitu kilikuwa kimejificha uvunguni muda wote. Sabuni ikarudi, betri zikarudi, uzi ukarudi wa rangi ambazo hazina jina. Mitumba ikaingia, na Fundi ambaye tulidhani ingemmaliza akawa na kazi maradufu, maana suruali za Wazungu zote zilitaka kupunguzwa. Soda nazo zikarudi. Kila mteja mwenye furaha alimnunulia fundi wake soda, na kukataa soda ya mteja ilikuwa kama kumkataa mteja mwenyewe. Famasi za watu binafsi zikafunguliwa, mashine ndogo za kutoboa kidole zikaonekana, vidonge havikukosekana tena kwa mwenye nacho, na wakati huo huo wagonjwa wapya wa kisukari waliongezeka kwenye benchi langu kuliko nilivyowahi kuona. Nilihitaji benchi la pili.

Jumatatu moja, si siku ya kliniki, Fundi akaingia bila kubisha hodi.

“Nesi, bluu yangu imeanza kuhama tena. Ijumaa nimekosa mbili. Mama Zuhura ameniandikia sifuri kwa makusudi.”

“Soda ngapi kwa siku, Fundi?”

“Za kweli au za kukufurahisha?”

“Za kweli.”

“Nne. Siku ya gulio tano.”

Nusu yangu ilitaka kumsomea risala. Nusu nyingine ilipumua. Alikuwa amekuja mwenyewe, mikono mitupu, na habari mbaya mdomoni, siku moja kabla ya wakati. Sijawahi kupata matokeo mazuri kuliko hayo kwenye kazi yangu yote. Tukapanua mboni, tukaangalia: kidoti kipya kimoja. Nilimtafutia daktari bingwa nje ya mkoa, akamwona, akasema kimewahiwa. Soda ziligeuka kuwa maji ya kunywa. Alitundika kibao kwenye kibaraza, kimeshonwa kwa uzi, si kuandikwa: FUNDI ANAKUNYWA MAJI. Wateja walicheka, wakaleta maji.

Alishona miaka mingine mingi. Kwaya ilipopata tena kitambaa cha bluu, safari hii dukani na kwa kuchagua, nilimpelekea yeye. Alishona sketi kumi na mbili. Nilizikagua moja moja juani, mnanijua. Pindo za bluu, bluu, bluu, mpaka nikafika ya kwangu. Kwa ndani, mahali ambapo hakuna anayeona isipokuwa mvaaji, kulikuwa na mshono mmoja wa kijani, mfupi kama ukucha.

Nikarudi Iringo mbio na sketi mkononi. Mama Zuhura aliponiona alianza kucheka kabla sijafika.

“Fundi, samahani. Hapa umekosea.”

Aliichukua, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akautazama ule mshono bila haraka, kama mtu anayesoma jina lake.

“Zile kumi na mbili za kwanza nilikosea, Nesi,” akasema. “Huu nimeuchagua.”